Kiangazi cha New York: bure yenye fomu na bure isiyo na fomu

Kila mwaka shule za umma za Jiji la New York hufungwa siku za mwisho za Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Ni wiki kumi hivi, na wanafunzi karibu laki tisa hawana pa kwenda asubuhi. Mzazi mwenye uwezo alikwisha kulipia kambi ya kiangazi tangu Februari. Mama anayetandika vitanda hotelini Manhattan, au baba anayeendesha teksi usiku na kulala mchana, hana wiki kumi za kukaa nyumbani, na mwajiri hana habari kama shule zimefungwa au la.

Ukiwasimulia haya ndugu walioko Dar au Mombasa, watakuuliza: kwani huko si kila kitu cha mtoto ni bure? Hawajakosea sana. Jiji hili lina maktaba za umma zaidi ya 200, mabwawa ya kuogelea ya wazi zaidi ya 50, chakula cha watoto mbugani na shuleni, programu za kushinda shuleni, kazi za muda kwa vijana, na makumbusho ambayo mkazi anaweza kuingia bila kulipa. Kipeperushi cha kiangazi hujaa orodha hiyo pande zote mbili, na kila mstari umeandikwa "bure".

Lakini bure hiyo ni ya namna mbili. Kuna ile unayoikuta mlango wazi: unaingia, unapewa, unaondoka, jina lako halijui mtu. Na kuna ile yenye tovuti, akaunti, nenosiri, tarehe ya mwisho na barua pepe ya kuthibitisha, na mara nyingi mwisho wa safari ni bahati nasibu. Jiji hujivunia zaidi hii ya pili, kwa sababu ina bajeti kubwa, ina jina na ina takwimu za kusomwa mbele ya waandishi wa habari. Mimi naona ile ya kwanza ndiyo inayofika nyumbani kwa watu.

Kabla ya kuendelea, kuna hadithi moja inayorudiwa kila mwaka: kwamba likizo hii ndefu ni urithi wa kilimo, watoto waliruhusiwa wakasaidie mashambani. Mwanahistoria Kenneth Gold na wenzake walikwisha kuonyesha kuwa mambo hayakuwa hivyo. Mkulima alimhitaji mwanawe wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, yaani masika na vuli, na shule za vijijini zilifunguliwa kiangazi. Za mijini ndizo zilizokuwa wazi karibu mwaka mzima. Mwaka 1842 New York ilikuwa na siku za masomo zaidi ya 240, wakati leo sheria ya jimbo inadai 180. Likizo ilirefushwa kwa sababu majengo yalikuwa tanuri, madaktari wa zama zile waliamini kusoma mno kunachosha ubongo wa mtoto, na familia zenye fedha zilikuwa zinakimbilia milimani na pwani hata hivyo. Kwa maneno mengine, kalenda ilipangwa kwa kuwafuata waliokuwa na mahali pa kwenda. Waliobaki mjini wamekuwa wakitafutiwa cha kufanya tangu siku hizo.

Jibu kubwa la sasa linaitwa Summer Rising. Lilianza mwaka 2021, wakati wa meya Bill de Blasio, shule zilipokuwa zinatoka kwenye janga la Uviko-19. Mpango wenyewe ni mzuri: masomo asubuhi, michezo, sanaa na matembezi mchana, chakula humo humo, hadi saa kumi na mbili jioni, kwa watoto wa chekechea hadi darasa la nane. Saa kumi na mbili jioni ndiyo fahari yake, kwa sababu shule ya kiangazi inayoisha saa sita mchana haimsaidii mtu anayetoka kazini saa kumi na moja.

Mwaka wa kwanza milango ilikuwa wazi kwa kila aliyetaka. Mwaka 2022 nafasi ziliwekewa kikomo cha takriban 110,000 na zikagawiwa kwa anayewahi, na tovuti ikageuka uwanja wa mbio. Fikiria nani anashinda mbio za namna hiyo: mwenye kompyuta kazini, mwenye intaneti isiyokatika, mwenye ruhusa ya kushika simu saa za kazi. Mwaka uliofuata jiji lilibadili utaratibu. Mzazi akawa anapanga shule anazozitaka kwa mfuatano, na kipaumbele kikapewa watoto wasio na makazi ya kudumu, wanaolelewa na familia walizopangiwa na serikali na wenye ulemavu. Hayo ni marekebisho ya haki. Hata hivyo kipaumbele humsaidia aliyekwisha kuomba. Dirisha hufunguliwa Machi au Aprili, wakati makoti ya baridi bado yananing'inia mlangoni, na familia inayoishi kwenye makazi ya dharura huenda imebadilisha namba ya simu mara kadhaa tangu Krismasi. Katika shule za jiji hili wanafunzi wasio na makazi ya kudumu wamezidi laki moja kila mwaka kwa muda wa takriban muongo mzima. Idadi hiyo ni sawa na mji.

Linganisha na chakula. Kila kiangazi jiji hugawa kifungua kinywa na chakula cha mchana kwa yeyote mwenye umri wa miaka 18 au chini: kwenye baadhi ya shule, mabwawa, maktaba, mbuga, na kwenye magari ya chakula. Hakuna kujiandikisha, hakuna kitambulisho, hakuna anayeuliza uraia wala kipato. Mtoto anapanga foleni, anapokea sandwichi, tunda na boksi la maziwa, anakaa, anakula. Ukikaa kwenye benchi nusu saa utaona watoto wa kila rangi wakija, wengine na bibi zao, wengine wenyewe kwa wenyewe, mkubwa akimshika mkono mdogo.

Utaona pia kasoro moja. Sheria ya serikali kuu inataka chakula hicho, kwa mijini, kiliwe palepale. Wakati wa Uviko sharti hilo lilisimamishwa na familia zikaruhusiwa kubeba. Tangu mwisho wa mwaka 2022 Bunge la Marekani limeruhusu kubeba kwa maeneo ya vijijini tu. Kwa hiyo mama wa Bronx mwenye watoto watatu, mmoja wao ana homa, anaweza kuwalisha wawili waliokuja naye, wa tatu aliyelala nyumbani hahesabiwi. Na mama mwenyewe, ambaye huenda hajala tangu jana jioni, anakaa pembeni akiwaangalia. Nani alifaidika na sharti hilo, sijui kumtaja. Lakini hata na kasoro yake, mpango huu unawafikia watoto ambao hakuna fomu ingewapata, na sababu ni moja: hauulizi kitu.

Sasa njoo kwenye fedha. Kuanzia kiangazi cha mwaka 2024 serikali kuu ina posho ya chakula ya dola 120 kwa kila mtoto anayestahili, kwa msimu mzima, inayowekwa kwenye kadi. Baadhi ya majimbo yaliikataa, Texas na Florida yakiwemo. New York iliikubali. Watoto wengi huipata moja kwa moja kwa sababu familia zao tayari zimo kwenye msaada wa chakula wa serikali au kwenye bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Wengine lazima waombe, na hapa kuna kichekesho kichungu. Tangu Septemba 2017 kila mtoto wa shule ya umma New York anakula chakula cha mchana shuleni bila malipo, tajiri na maskini, bila fomu. Kwa kuwa hakuna fomu, hakuna karatasi inayoonyesha nani ana kipato gani. Familia ambayo haimo kwenye misaada mingine, mara nyingi kwa hofu ya kuandika jina lake popote penye nembo ya serikali, ndiyo inayotakiwa kuomba posho yenyewe. Wanaofanana nasi wapo wengi katika kundi hilo: baba ana kibali cha kazi, mama anasubiri kesi yake ya uhamiaji, mtoto amezaliwa hapa, na nyumbani wamekubaliana kutosaini lolote mpaka wakili aseme.

Kusoma ndiko kunakonihusu zaidi. Kwa miaka mingi watafiti wa Marekani wamebishana kuhusu kile mtoto anachokipoteza kiangazi. Barbara Heyns aliwafuata watoto wa Atlanta na kuchapisha matokeo mwaka 1978: watoto wa familia maskini walisogea karibu sawa na wenzao wakati shule iko wazi, wakabaki nyuma wakati imefungwa. Watafiti wa Baltimore, Karl Alexander, Doris Entwisle na wenzao, wakaja na picha inayofanana. Mwaka 2019 Paul von Hippel akaandika kuwa alijaribu kurudia baadhi ya matokeo hayo kwa mitihani mipya na hayakusimama vizuri, kwamba sehemu ya pengo lililodaiwa kukua kila kiangazi ilitokana na namna mitihani ya zamani ilivyopimwa. Kwa hiyo mtu akikutisha kuwa mwanao atasahau theluthi ya darasa zima kufikia Septemba, mwulize ametoa wapi namba hiyo.

Sehemu ya Heyns ambayo haitajwi sana inanivutia zaidi kuliko pengo lenyewe. Aliona kuwa maktaba ya umma inahusiana na kusoma kwa watoto kiangazi, na kwamba umbali wa maktaba kutoka nyumbani una uzito wake. Mtoto aliye karibu huenda mwenyewe, na wa mbali husubiri mtu wa kumpeleka.

Baada yake Richard Allington na Anne McGill-Franzen walifanya jambo rahisi huko Florida, wakalichapisha mwaka 2010. Waliwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vitabu 12 kila kiangazi, kwa miaka mitatu mfululizo. Watoto wenyewe ndio waliochagua kwenye maonyesho ya vitabu, na wengi hawakugusa vitabu ambavyo mwalimu angewachagulia. Walibeba vitabu vya waimbaji na nyota wa televisheni. Hakukuwa na masomo wala maswali ya ufahamu mwishoni. Waliopewa vitabu walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kusoma kuliko wasiopewa, na faida yake ilikaribia ile inayotarajiwa kutoka shule ya kiangazi. Gharama haikukaribia kabisa.

Matokeo hayo yanamkera kila mzazi wa Kiswahili niliyewahi kumtajia. Sisi tumelelewa kwamba kusoma ni kazi, na kitabu chenye picha ya mwanamuziki jaladani si kitabu. Basi orodha ya vitabu vya kiangazi ikitoka shuleni tunaibandika kwenye friji, na mtoto anakijua kiangazi kama mwendelezo wa kazi za nyumbani. Achaguliwe kimoja kama ni lazima, vingine vyote achague yeye, hata kama ni katuni.

Na hapa jiji lilifanya jambo kubwa kwa kelele ndogo. Oktoba 2021 mifumo mitatu ya maktaba za New York, ule wa Manhattan, Bronx na Staten Island, ule wa Brooklyn na ule wa Queens, ilifuta faini za kuchelewesha vitabu. Wakati huo kadi zaidi ya laki nne zilikuwa zimefungwa kwa sababu wenyewe walidaiwa dola 15 au zaidi, na zaidi ya nusu yao waliishi kwenye mitaa yenye shida. Dola 15 ni vitabu vichache vya picha vilivyosahaulika chini ya kitanda wakati wa kuhama nyumba. Kitabu kikipotea kabisa bado unakilipia, lakini kuchelewa si kosa tena. Hakuna aliyelazimika kuomba msamaha huo. Asubuhi moja kadi zikawa zinafanya kazi. Nikiambiwa nitaje sera moja ya kusoma kiangazi katika jiji hili, nitataja hiyo kabla ya shindano lolote la kuhesabu kurasa.

Ndiyo maana yaliyotokea Novemba 2023 yaliniuma. Meya Eric Adams alipokata bajeti, matawi mengi yaliyokuwa yanafunguliwa Jumapili yaliacha. Jumapili ndiyo siku ambayo mtu mwenye kazi mbili anaweza kumpeleka mtoto maktaba. Fedha zilirudishwa kwenye bajeti ya kiangazi cha 2024 baada ya kelele nyingi, na Jumapili zikarudi. Ilichukua miezi kadhaa ya maandamano na barua kurudisha mlango ambao ulikuwa wazi tayari.

Mabwawa nayo yana historia yake. Mwaka 1936, katikati ya ukata mkubwa, meya Fiorello La Guardia na mkuu wa mbuga Robert Moses walifungua mabwawa 11 makubwa katika kiangazi kimoja, kwa fedha za serikali kuu, likiwemo la Crotona huko Bronx. Bado yanatumika. Kuingia ni bure na hakuna anayeandika jina. Yanafunguliwa saa tano asubuhi, yanafungwa saa tisa hadi saa kumi kwa usafi, kisha tena hadi saa moja jioni. Lakini nenda mlangoni bila kufuli uone. Kila mtu lazima awe na nguo ya kuogelea na kufuli lake imara la kabati. Ukitaka kuvaa fulana juu, iwe nyeupe tupu. Nimeshuhudia familia zikirudishwa mlangoni, watoto wamekwisha kuvaa taulo mabegani, kwa sababu baba hakujua habari ya kufuli, na duka la karibu linaliuza kwa bei ya chakula cha siku. Sharti jingine linanifurahisha: magazeti hayaruhusiwi ndani kwa sababu karatasi zake hutapakaa majini, ila kitabu kilichojalidiwa kinaruhusiwa. Kwa hiyo mpe mtoto kitabu pamoja na taulo.

Kufundishwa kuogelea ni habari nyingine. Masomo ya bure yapo, na nafasi hutolewa kwa bahati nasibu mtandaoni. Kwa hiyo mtoto anaweza kuingia majini kila siku bila fomu, ila kujua namna ya kutozama kunahitaji barua pepe.

Usafiri nao umesogezwa upande wa mlango wazi. Hadi mwaka 2024 kadi ya mwanafunzi ya basi na treni ilifanya kazi siku za shule tu, safari tatu kwa siku. Tangu Septemba mwaka huo kadi mpya inatoa safari nne kwa siku, saa yoyote, siku zote za mwaka, likizo zikiwemo. Sijaona sera iliyotangazwa kimya kimya namna hii ikawa na maana kubwa namna hii. Kijana wa Mott Haven, kusini mwa Bronx, anaweza kwenda ufukwe wa Coney Island na kurudi bila kuruka kizuizi cha treni. Anaweza pia kwenda Metropolitan Museum, ambako mkazi wa jimbo hulipa anachotaka, hata senti moja, mradi aonyeshe anakoishi. Wazazi wengi hawajui. Watoto wanatupa kadi kwenye droo Juni wakidhani imekufa pamoja na muhula.

Huenda nimeelemea upande mmoja. Kuna mambo ambayo hayawezi kufanyika bila fomu, na mengine ni ya thamani sana. Mpango wa ajira za kiangazi kwa vijana wa miaka 14 hadi 24 umefikia nafasi laki moja tangu 2022, na huwezi kumlipa mtu mshahara bila kumwandika. Waombaji huzidi nafasi, hivyo wengi huchaguliwa kwa bahati nasibu, na bahati nasibu hiyo iliwapa wachumi Alexander Gelber, Adam Isen na Judd Kessler nafasi ya kulinganisha waliopata na waliokosa. Walichochapisha mwaka 2016 hakikutarajiwa na wengi. Kazi ya kiangazi haikuwaongezea vijana kipato cha baadaye wala kuwapeleka chuo kwa wingi zaidi. Ilipunguza uwezekano wa kufungwa jela, na ilipunguza uwezekano wa kufa katika miaka iliyofuata. Mzazi akijua hilo hataona fomu ile ni ndefu.

Kwa hiyo swali la haki ni nani anamsaidia mtu kujaza. Sheria ya jiji ya mwaka 2017 kuhusu lugha ilitaja lugha kumi ambazo ofisi nyingi lazima zitafsirie nyaraka zake. Kifaransa kimo, Kiarabu kimo, Kiurdu kimo. Kiswahili hakimo. Mkongomani wa Bukavu hujisaidia kwa Kifaransa, lakini mama wa Tanga au Lamu anabaki kumtegemea mwanawe wa darasa la sita amsomee barua ya shule, na mtoto wa darasa la sita husoma anachotaka kisomwe.

Hiyo ni kazi ambayo vyama vyetu, misikiti na makanisa yetu vinaiweza bila kusubiri mtu. Tunajua kukusanya mchango wa msiba kwa usiku mmoja kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lilelile linaweza kutangaza kuwa maombi ya ajira za vijana hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na kufungwa takriban Machi, na kwamba Summer Rising hufuata hapo karibu. Jumamosi moja, vijana wanne wenye kompyuta, sahani ya vitumbua, na wazazi waje na simu zao na vitambulisho vya watoto.

Kiswahili chenyewe kiingie kwenye kusoma kwa kiangazi. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umekuwa ukiweka mtandaoni hadithi za watoto kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapisha na hata kuzitafsiri. Hakuna akaunti ya kufungua ili usome. Matawi ya maktaba yana printa na bei ya ukurasa ni ndogo. Mtoto aliyezaliwa Brooklyn anaweza kusoma hadithi fupi kwa sauti, bibi yake akiwa kwenye simu Morogoro akimsahihisha matamshi, na kwa tofauti ya saa saba wakati wa kiangazi, asubuhi ya Brooklyn ndiyo saa ambayo bibi amemaliza kula mchana na ana nafasi ya kuzungumza.